Chupa, maembe na kitambaa mezani: vilianza lini kuchorwa, na kwa nini?

SWALI

"Salamu mwalimu. Mimi ni mwanafunzi hapa Kisumu, nyumbani ni Kondele. Kila wiki mwalimu wetu wa sanaa hutupangia vitu mezani: chupa, maembe mawili, sufuria na kitambaa, halafu tunachora hadi kengele ilie. Baba akiona michoro yangu huniuliza kama karo anayolipa ni ya kuchorea maembe. Nimekosa la kumjibu. Watu walianza lini kuchora vitu vya mezani, na imefikaje hadi leo? Na sisi wa huku Nyanza, mambo haya yanatuhusu nini?"

JIBU

Kijana wangu, nianze na baba yako, kwa sababu swali lake ni zito na lina historia ndefu. Mwaka 1667, kule Paris, msomi mmoja aitwaye André Félibien alizipanga picha zote kwa daraja, akiandika kwa niaba ya Akademia ya Kifalme ya wachoraji. Juu kabisa aliweka picha za matendo makuu, yaani visa vya Biblia, vita na mambo ya kale. Chini yake zikaja picha za sura za watu, kisha za wanyama walio hai, kisha za mandhari. Mahali pa mwisho kabisa akaweka matunda, maua na kombe za baharini. Hoja yake ni ile ile ya baba: tunda halitendi neno, halina kisa, basi anayelichora amefanya nini? Msimamo huo ulitawala shule za sanaa za Ulaya kwa zaidi ya miaka mia moja. Kwa hiyo usimwone mzee kama mtu asiyejua thamani ya sanaa. Anasema jambo ambalo wakuu wa sanaa wenyewe walilisema wakalisimamia. Walikosea, na nitajaribu kukuonyesha walikosea wapi.

Kwanza jina, maana Kiswahili hakijakubaliana juu ya jina moja. Mimi nimezoea kusema picha za vitu tuli. Waholanzi, katikati ya karne ya 17, walianza kuziita stilleven, yaani uhai uliotulia. Wafaransa baadaye wakaziita nature morte, viumbe vilivyokufa. Meza ni ile ile na embe ni lile lile. Huyu anaona uhai, yule anaona kifo. Kwa miaka yote niliyofundisha, Nakuru na baadaye Kisumu, nimeona kwamba anayezielewa picha hizi huwa ameelewa jambo moja: zinashindana na muda. Mchoraji huweka mbele yake kitu kinachooza, kinachokauka, kinachovunjika au kinachosubiri kuliwa, akajaribu kukishika kabla hakijaondoka. Namna ya kukishika ndiyo imebadilika zama hadi zama, na hiyo ndiyo historia uliyoniuliza.

Misri ya kale ilikuwa na jibu lake. Ingia makaburi ya wakubwa kule Luxor, yaliyochongwa mwambani zaidi ya miaka 3,300 iliyopita, utakuta kutani meza zimejaa mikate, bata, zabibu, matango na mapaja ya ng'ombe. Picha hizo hazikuwa mapambo ya kufurahisha wageni, kwani kaburi lilikuwa linafungwa. Zilikuwa chakula cha marehemu. Mkate wa unga ungeota ukungu, lakini uliochorwa ungemlisha milele.

Nawe usidhani wazo la kumwachia marehemu vyombo vyake lilikuwa la Misri peke yake. Karibu na Nakuru, katika Pango la Mto Njoro, Mary na Louis Leakey walichimba mwaka 1938 wakakuta mabaki ya watu wengi waliochomwa na kuzikwa humo miaka kama 3,000 iliyopita. Pamoja nao kulikuwa na mabakuli ya mawe na michi yake, shanga za mawe, hata mabaki ya kibuyu na ya chombo cha mti kilichochongwa kwa nakshi, yaliyosalia kwa sababu yaligeuka makaa. Hakuna aliyechora picha pale. Lakini kuna mtu aliyechukua bakuli na mchi akaviweka kando ya maiti, na aliviweka kwa mkono, kwa makusudi, akijua chombo hicho ni cha nani. Kila nikipanga vitu juu ya meza ya darasa huwa nakumbuka mkono ule.

Wagiriki na Warumi wakaleta mchezo wa macho. Mwandishi wa Kirumi Plinio, aliyekufa mwaka 79 BK mlima Vesuvius ulipolipuka, anasimulia kisa cha wachoraji wawili wa Ugiriki. Zeuxis alichora zabibu, ndege wakashuka kuzidonoa. Parrhasius naye akaleta picha iliyofunikwa kwa pazia. Zeuxis, akiwa bado anajisifu, akamwambia aondoe pazia tuione picha. Kumbe pazia lenyewe ndilo picha. Zeuxis akakubali kushindwa: yeye aliwadanganya ndege, mwenzake amemdanganya mchoraji. Mlipuko ule ule uliomuua Plinio uliifunika miji ya Pompeii na Herculaneum, na chini ya majivu tukapata picha za kutani zenyewe: mapichi mabichi yenye majani kando ya mtungi wa kioo wenye maji, bakuli la kioo lililojaa matunda, mayai na ndege waliowindwa. Warumi waliziita xenia, zawadi za mgeni, kwa sababu ilikuwa desturi mwenye nyumba kumpelekea mgeni wake kuku, mayai, mboga na matunda. Mtu wa Nyanza hahitaji kuelezwa zaidi. Mgeni hatoki mikono mitupu, na jogoo aliyefungwa miguu kwa kamba anasema mengi kuliko hotuba.

Kuna kazi moja ya zama hizo ninayoipenda kupita zote. Fundi aitwaye Sosus wa Pergamon alitengeneza sakafu ya vijiwe vidogo vya rangi inayoonekana kama haijafagiliwa baada ya karamu. Nakala yake ya Kirumi iko Vatikani. Juu yake kuna mifupa ya samaki, miguu ya kuku, maganda ya konokono, vikonyo vya zabibu, na panya mdogo anatafuna kokwa. Kila takataka ina kivuli chake. Fikiria kazi ya kupanga kijiwe kwa kijiwe ili kuonyesha mwiba wa samaki uliotupwa! Fundi yule aliona kwamba kilichobaki baada ya chakula nacho kinastahili kutazamwa.

Baada ya Warumi, kwa karne nyingi Ulaya, vitu vikarudi nyuma ya watakatifu. Yungiyungi lilisimama kwenye picha kwa sababu Maria yumo, na mkate kwa sababu Yesu yumo. Halafu mwaka 1551, Pieter Aertsen, mchoraji wa Nchi za Chini (Uholanzi na Ubelgiji za leo) aliyekuwa Antwerp, akachora duka la nyama. Mbele kabisa, kwa ukubwa unaotisha, kuna kichwa cha ng'ombe kilichochunwa, soseji, samaki, kuku na mafuta ya nguruwe. Mbali kule nyuma, padogo, unamwona Maria juu ya punda akimpa maskini mkate. Aertsen aliipindua picha. Kilichokuwa pembeni kikaja mbele, nacho kitakatifu kikabaki mahali ambapo mtu mwenye haraka hatakiona. Ningependa kila mwanafunzi wangu asimame mbele ya picha ile, kwa sababu inamuuliza mtazamaji waziwazi: jicho lako limekwenda wapi kwanza?

Mwishoni mwa miaka ya 1590, kule Italia, Caravaggio akachora kikapu cha matunda peke yake. Hakuna mtu wala mtakatifu, ni kikapu kimekaa ukingoni mwa meza, nyuma yake rangi tupu ya manjano hafifu. Picha hiyo ilikuwa ya Kardinali Federico Borromeo, na hadi leo iko Milano katika jumba la Ambrosiana. Itafute kwenye simu yako kisha uikuze. Tazama tofaa la mbele: lina tundu la funza. Tazama majani ya kulia: yamekauka, yamejikunja kama karatasi iliyopita karibu na jiko. Zabibu nyingine bado zina ule unga mweupe wa tunda lililochumwa sasa hivi, nyingine zimeanza kusinyaa. Caravaggio angeweza kuchagua tofaa zima, sokoni yalikuwepo. Alichagua lenye funza, akalichora kwa heshima ile ile ambayo wengine walimchora malaika.

Wakati huo huo Hispania kulikuwa na Juan Sánchez Cotán. Yeye alifunga kabichi na tunda liitwalo quince, linalofanana na tofaa la manjano, kwa uzi, akavining'iniza dirishani, akaweka tikiti lililokatwa na tango ukingoni, na nyuma yake giza jeusi. Kuning'iniza chakula ilikuwa njia ya kawaida ya kukihifadhi kisiharibike upesi. Kwenye picha, kabichi ile imekuwa kama sayari. Muda mfupi baadaye akaacha mambo ya dunia, akaingia utawani kwa Wakartusi.

Sasa Uholanzi, na hapa nitakaa kidogo.

Karne ya 17 Waholanzi walitajirika kwa bahari. Kampuni yao ya biashara ya Mashariki ilianzishwa mwaka 1602, na katika miaka hiyo hiyo walikamata meli za Wareno zilizosheheni sahani za kaure za China, wakaziuza kwao kwa mnada. Kila aliyepata pesa alitaka kaure ile nyeupe yenye nakshi ya buluu. Aliyekuwa na fedha zaidi alitaka pia picha yake. Willem Kalf alikuwa bingwa wa hilo: bakuli la China, limau limemenywa nusu huku ganda likining'inia, glasi ya divai gizani. Wengine kama Pieter Claesz na Willem Heda walichora kifungua kinywa kilichoachwa katikati, mkate umemegwa, glasi imelala ubavu. Aliyekula ametoka, na hatujui kama atarudi.

Matajiri hao walikuwa pia watu wa kanisa, na dhamiri iliwasumbua. Ndipo likaja kundi la picha zinazoitwa vanitas, neno lililotoka Kitabu cha Mhubiri, ambacho sisi tunakisoma kwa maneno "ubatili mtupu". Fuvu la kichwa, mshumaa uliozimika ukifuka moshi, saa, povu la sabuni, ua lililoangusha petali. Tajiri alining'iniza ukutani picha ya kumwambia kwamba vyote hivi ataviacha. Hata maua yalikuwa na siri yake. Shada moja lilikuwa na maua ya majira tofauti, ambayo hayawezi kuchanua pamoja shambani. Mchoraji alichora kila ua katika msimu wake, akaja kuyakutanisha katika chombo kimoja ambacho hakikuwahi kuwepo. Na mwaka 1637, mwezi wa Februari, bei za vitunguu vya kupandia ua la tulipu zilizokuwa zimepaa kupita kiasi ziliporomoka, watu wakabaki na mikataba isiyo na mnunuzi. Ua lililochorwa halikuporomoka nao.

Hapa ndipo huwa nawasimamisha wanafunzi, kwa sababu wengi wanaona hayo ni mambo ya Wazungu. Kaure ile ile ya China ilifika pwani yetu karne nyingi kabla ya kufika Amsterdam. Katika nyumba za mawe za Lamu na Pate mafundi walichonga kutani zidaka, safu juu ya safu ya vishubaka vya chokaa, na humo wenye nyumba wakapanga sahani na mabakuli yao ya kaure ili mgeni aone. Kidaka ni picha ya vitu tuli bila rangi wala brashi: chombo kimewekewa fremu, kimetengwa na kazi ya jikoni, kimegeuzwa kitu cha kutazamwa. Na ubatili wake pia umesemwa kwa Kiswahili. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, katika Inkishafi, anautazama mji wa Pate ulioanguka, anaona zidaka zilizokuwa na sahani sasa ni viota vya makinda ya ndege. Mtu aliyesoma beti zile tayari anaijua vanitas kuliko mtalii anayekatiza jumba la makumbusho la Ulaya. Kama baba yako alisomeshwa Inkishafi shuleni, anzia hapo naye.

Jambo jingine la zama hizo. Mwanamke hakuruhusiwa kuingia darasa la kuchora mwili wa mtu, na bila hilo hangeweza kuchora zile picha ambazo Félibien aliziweka juu kabisa. Mlango uliobaki wazi ulikuwa wa meza. Clara Peeters, aliyefanya kazi miaka ya 1610 hivi, alichora samaki, jibini na vikombe vya dhahabu, na ukikaribia kikombe utaona kwenye vinundu vinavyong'aa uso mdogo sana wa mwanamke ameshika brashi. Ni yeye. Alijiweka humo mara kadhaa katika kikombe kimoja, mdogo kama punje ya mtama. Jumba la Prado kule Madrid, ambalo lina picha zake, lilimfanyia maonyesho mwaka 2016, na yalikuwa ya kwanza katika historia ya jumba hilo kumhusu mchoraji mwanamke. Naye Rachel Ruysch, binti wa tabibu na mjuzi wa mimea, alizaa watoto kumi na akaendelea kuchora maua hadi alipopita miaka themanini. Ukimwangalia mdudu aliyemweka juu ya jani utadhani ataruka.

Halafu akaja Mfaransa Jean-Siméon Chardin, mtoto wa seremala, akaingia katika Akademia ile ile ya Félibien mwaka 1728 kama mchoraji wa wanyama na matunda. Picha moja iliyompitisha ilikuwa ya samaki taa aliyepasuliwa tumbo, ananing'inia kwenye ndoana, matumbo ya waridi yanang'aa, na chini yake paka amesimamisha manyoya juu ya chaza. Baadaye Chardin aliacha hata paka. Akachora sufuria ya shaba, vitunguu viwili, glasi ya maji. Hakuna fuvu wala dhahabu, hakuna onyo lolote. Huyo ndiye aliyemjibu Félibien, kwa maoni yangu, kwa sababu alionyesha kwamba glasi ya maji ikitazamwa kwa subira inatosha.

Karne ya 19 nitaipita haraka, isipokuwa kwa watu wawili. Mwaka 1880 mkusanyaji wa sanaa Charles Ephrussi alinunua kwa mchoraji Édouard Manet picha ya fungu la asparaga, ile mboga ya vijiti. Bei ilikuwa faranga 800. Ephrussi akatuma 1,000. Manet akachora picha nyingine ndogo ya kijiti kimoja tu ukingoni mwa meza, akampelekea na kumwandikia kwamba kilikuwa kimekosekana kwenye fungu lake. Mama wa soko la Kibuye anayekuongezea nyanya moja juu ya fungu angemwelewa vizuri sana.

Wa pili ni Paul Cézanne. Yeye alichora polepole mno hata matunda yakamwozea, ikabidi wakati mwingine atumie maua ya karatasi. Mfanyabiashara wa picha Ambroise Vollard anasimulia kwamba alipokaa achorwe, vikao zaidi ya mia, alisinzia akaanguka kitini, na Cézanne akamkaripia: akae kama tofaa, je, tofaa husogea? Tazama meza zake. Upande wa kushoto wa meza hauungani na wa kulia, chupa imeinama, sahani inaonekana kwa juu na kwa ubavu kwa pamoja. Mwalimu wa mtihani angemkata alama. Lakini Cézanne alikuwa amegundua kwamba mtu anayetazama kitu kwa saa nyingi hatulii. Shingo inageuka, jicho linahama, na picha ya kweli inapaswa kubeba mihamo hiyo yote. Kutoka hapo Picasso na Braque walipata njia. Mwaka 1912 Picasso alibandika kwenye picha ya meza kipande cha kitambaa kilichopakwa mafuta, chenye chapa ya ukili wa kiti, akazungushia kamba halisi kama fremu. Kitu chenyewe kikaingia ndani ya picha.

Wengi watakupeleka kutoka hapo hadi kwa Andy Warhol na mikebe yake 32 ya supu ya mwaka 1962. Ni sawa, ijue. Mimi nakupeleka Bologna kwa Giorgio Morandi, aliyekufa mwaka 1964. Aliishi na dada zake, akafundisha, na kwa miaka mingi akachora chupa, mitungi na mikebe ile ile, akiisogeza kidogo kushoto, kidogo kulia, akiacha vumbi liikalie. Kwake muda hauozeshi kitu. Unatua juu yake kama vumbi. Nikiwa nimechoka na kelele huwa nafungua picha zake.

Na mwaka 2001 Mwingereza Sam Taylor-Johnson aliweka bakuli la matunda mbele ya kamera akaliacha lioze, kisha akaiendesha filamu kwa kasi. Matunda yanavimba, yanaota manyoya ya ukungu, yanalala. Kando yake kuna kalamu ya plastiki ya bei rahisi, ile ya kuandikia hundi na barua. Hadi mwisho haijabadilika hata kidogo.

Sasa turudi Kisumu.

Mwaka mmoja niliacha maembe nikaenda Dunga alfajiri, nikanunua ngege watatu, nikawaleta darasani kwenye karai. Wanafunzi walicheka. Saa tatu macho ya samaki yalikuwa meusi, maangavu, unaona dirisha la darasa ndani yake. Ubavu ulikuwa na kijivu, kijani na waridi, rangi ambazo hakuna aliyekuwa amezitaja tulipoulizana samaki ana rangi gani. Wote walisema kijivu. Kufika saa tano jicho lilikuwa limeingia utando mweupe, waridi imepotea, mapezi yamekauka na kushikana na karai. Binti mmoja alisimamisha penseli akasema, mwalimu, nimechelewa. Alikuwa ameelewa somo lote kwa neno moja. Akageuza karatasi akachora jicho lile la utando, na ule mchoro ndio uliokuwa bora darasani.

Kuna la zaidi kuhusu samaki hao. Ngege wa asili wa ziwa hili alipungua sana baada ya mbuta, yaani sangara, kuletwa miaka ya 1950 na ngege wa Nile kuingizwa. Siku hizi jina limebaki, na mara nyingi samaki anayeitwa hivyo ni mwingine. Wataalamu wa mimea hutazama picha za Italia za karne ya 17 kujua tikiti maji lilikuwaje: nyama yake ilikuwa na weupe mwingi na mizunguko, si nyekundu tupu kama la sasa. Mchoraji hakudhani anaandika historia ya kilimo. Nani ameichora karai ya samaki ya Nyanza ya 1940? Na wewe ukichora ya leo, kwa makini, ukiandika tarehe nyuma, unajua nani ataihitaji?

Fikiria pia gorogoro. Ule mkebe wa kupimia mahindi na omena, bati limebonyea, mdomo umekunjwa, maandishi ya zamani yamefutika nusu. Mama anaujaza hadi kilele kinasimama, kisha anatazama uso wako kabla ya kuongeza mkono mmoja juu. Kwangu mimi mkebe huo una uzito kuliko bakuli la Kalf. Kupanda na kushuka kwa bei, ukame, uaminifu wa muuzaji, vyote vimo ndani yake. Ukiuchora vizuri hutahitaji kuandika neno.

Kuhusu mazoezi yenyewe, nina machache. Panga meza karibu na dirisha moja na ufunge mengine. Mwanga wa pande mbili huua vivuli. Sufuria ndiyo inayowashinda wengi: mdomo wanaujua ni mviringo, basi wanauchora mviringo, halafu kitako wanakipiga mstari ulionyooka. Jicho linaona duaradufu pale juu, na kitako nacho kimepinda, tena zaidi ya mdomo kwa sababu unakitazama kutoka juu zaidi. Na kivuli cha embe juu ya kitambaa cheupe usikipake nyeusi. Inama utazame pale embe linapogusa kitambaa. Utaona manjano imemwagika ndani ya kivuli, hafifu, kama iliyopuliziwa. Ukiiona mara moja hutaacha kuiona, hata kwenye ukuta ulio karibu na leso iliyoanikwa.

Baba akiuliza faida, mwambie ukweli bila kumpamba. Wachache wataishi kwa kuuza picha. Lakini jicho linaloweza kupima upana wa chupa dhidi ya urefu wake bila rula ni jicho analolitaka seremala, mshonaji, mchora ramani za nyumba na fundi wa meno. Na kuna faida isiyo na mshahara, ambayo naiamini kwa moyo wote: mtu aliyewahi kukaa saa nzima na kitunguu hawezi tena kusema kwa urahisi kwamba kitu fulani, au mtu fulani, hana cha kutazamwa.

Jumamosi hii fanya hivi. Usimwonyeshe mchoro. Mwombe akuchagulie kitu chake mwenyewe cha zamani, redio, nyundo, kofia, jembe, chochote ambacho hangependa kipotee. Kiweke mezani karibu na dirisha, naye akae upande wa pili. Muulize alikipata wapi, kilikuwa bei gani siku hizo, nani alikishika kabla yake. Mwache azungumze. Wewe anza na kivuli.